Maua ya Chini ya Miombo: Shajara ya Kuyaotesha kwa Mbegu, Lubumbashi

Aprili 2022

Nimeanza shajara hii baada ya kuhesabu miti. Katika kiwanja ambacho Mama mwenye ardhi ametukubalia tukitumie, pembezoni mwa jiji katika komuni ya Annexe, imebaki miti minne mikubwa, mitondo mitatu na muputu mmoja, na yote imeponea kwa sababu imesimama ubavuni mwa kichuguu kirefu kuliko nyumba, mahali ambapo wachoma makala waliona taabu kupitisha magogo. Kwingine kote ni visiki. Visiki vyenyewe havinitii hofu sana, kwa kuwa miti ya miombo ikikatwa huchipua upya kutoka shinani na mizizini, na ikikingwa na moto wa mwisho wa kiangazi inaweza kurudi kuwa pori. Kinachonisumbua ni yale maua yaliyokuwa yakiishi chini ya kivuli chake. Pale palipowashwa tanuru, udongo umeungua hadi ukawa mwekundu kama tofali. Pale palipolimwa mihogo na mahindi, jembe limeng'oa viazi vya maua msimu baada ya msimu. Na anayepanda miti, ambaye namshukuru, hapandi maua, kwa maana hakuna anayeyauza wala anayeyaulizia.

Kusudi letu ni dogo na lina mipaka. Tunataka eneo la mita 20 kwa 12 chini ya miti hiyo lirudishiwe maua yake kwa mbegu zilizookotwa katika pori lililobaki, bila kung'oa kiazi hata kimoja kutoka porini. Najua kwamba sharti hilo la mwisho ndilo litakalorefusha kazi. Anayehamisha kiazi kikubwa anaweza kuona ua msimu unaofuata, lakini pori alikokitoa limepungukiwa na mzazi mmoja, na sisi hatukuanza kazi hii ili tuhamishe upungufu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Wiki hii tumepata mbegu za kwanza, upande wa barabara ya Likasi, baada ya kuomba ruhusa kwa chifu wa kijiji, ambaye alituuliza mara mbili kama kweli tumekuja kwa ajili ya maua wala si kwa ajili ya mukula, mti unaowindwa kwa mbao zake. Gloriosa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Gloriosa superba, ndiyo iliyotupokea kwanza: maua yake mekundu yenye kingo za manjano yalikwisha kunyauka, lakini matunda yalikuwa yamepasuka na kuonyesha mbegu za mviringo, nyekundu kama shanga. Tulivaa glavu, na mpwa wangu nilimkataza kabisa kujipangusa uso, kwa kuwa mmea wote, kuanzia kiazi hadi mbegu, una kolchisini, kemikali ile ile ambayo katika vipimo vidogo sana ni dawa ya jongo na ikizidi inaua. Gladiola ya pori, Gladiolus dalenii, ilikuwa ndiyo kwanza inakauka. Tunda lake hupasuka sehemu tatu na ndani yake mbegu zimepangwa kama kurasa, kila moja na utando mwembamba wa rangi ya kahawia unaoiwezesha kuchukuliwa na upepo. Marejea ya pori, mmea wa jamii ya kunde, ilikuwa bado na maganda mabichi, tutaifuata mwezi ujao.

Katika kuchuma tumefuata kanuni ya wakusanyaji wa benki za mbegu, ya kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo mahali hapo. Kwa gloriosa ilimaanisha tunda moja katika kila matano. Mpwa wangu aliona ni kidogo mno baada ya mwendo wote ule, na nikamwambia kwamba tukirudi mwakani tutafurahi kuyakuta yale manne yameacha watoto.

Juni 2022

Nimekosea, na kosa ni langu peke yangu. Nilipanda gloriosa mara tulipofika nyumbani, mwezi wa nne mwishoni, kama ambavyo ningepanda lengalenga, yaani mchicha, nikamwagilia kila jioni, na baada ya wiki sita za kutoona kitu nilianza kufukua kwa kijiti ili nione kuna nini. Kati ya mbegu 40 nilizofukua, karibu zote zilikuwa ngumu na nzima, nami kwa kukata tamaa nikazitupa nikidhani zimekufa. Sasa nimesoma na kuuliza, na nimeelewa kwamba mbegu ya gloriosa hulala: baada ya kutoka tundani huhitaji miezi 6 hadi 9 kabla haijawa tayari kuota, hata ukiipa maji na joto.

Nikitazama kalenda ya hapa kwetu, usingizi huo ni wa busara. Mbegu huanguka Machi au Aprili, mvua zinapokaribia kukatika. Kama ingeota papo hapo, mche wake ungekutana na Juni na Julai, miezi ya baridi isiyo na tone la mvua, kwa kuwa Lubumbashi iko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,200 na usiku wa kiangazi huwa na ubaridi mkali. Kisha ungekutana na moto wa Agosti na Septemba. Mbegu inayolala mpaka Novemba inaamka mvua zikiwa na miezi mitano mbele yake. Lengalenga limekaa na binadamu na maji ya ndoo kwa muda mrefu hata likasahau mambo haya. Mbegu ya pori haijayasahau, na mwenye kuipanda inampasa ajifunze kuhesabu kwa miezi.

Nimebaki na mbegu 110 za gloriosa ambazo sikuzigusa. Tumeziosha kwa mchanga na maji ili kuondoa ngozi nyekundu ya nje, tumezianika kivulini siku nne juu ya gazeti, na tumezitia katika bahasha za karatasi ndani ya mtungi wa kioo wenye kikombe cha mchele uliokaangwa bila mafuta, unaonyonya unyevu. Tunaepuka mifuko ya plastiki, kwa sababu mbegu ambayo haijakauka vizuri hupumua na kutoa jasho ndani yake, na ukungu huja.

Oktoba 2022

Mwezi wa joto kuliko yote. Muputu umevaa majani mapya mekundu, kabla ya tone la kwanza la mvua, kama ufanyavyo kila mwaka.

Tumetumia mwezi mzima kutafuta udongo, na kazi hii inastahili kuelezwa kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyokula muda wetu mwingi. Wazo la kwanza lilikuwa kutumia udongo wa kichuguu, kwa kuwa uko pale pale na kila mtu husifu rutuba yake. Mchwa wanaojenga vichuguu hivi vya Katanga, vingine vikifika mita 8 kwenda juu, hupandisha mfinyanzi kutoka chini sana, na udongo huo una chokaa nyingi na virutubisho kuliko udongo wa jirani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hutumika kufyatulia matofali. Trei tuliyoijaribu ilimwagiliwa asubuhi, na jua la siku mbili lilipoipiga ikapasuka vipande vigumu ambavyo kijiti hakikuweza kupenya. Isitoshe, nilipozunguka kichuguu chetu kwa makini niliona kwamba mimea iliyoota juu yake ni ya aina yake yenyewe, na hakuna hata mmoja kati ya ile tuliyoichuma. Maua tunayoyataka yamezoea udongo mwekundu wenye tindikali, usio na rutuba nyingi, uliofunikwa na majani makavu. Mbolea ya ng'ombe nayo tumeiacha.

Mchanganyiko tulioamua ni huu: sehemu 2 za mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa, sehemu 2 za udongo wa juu uliochotwa chini ya mitondo yetu, viganja vinne au vitano tu kila mahali, na sehemu 1 ya majani ya miombo yaliyooza hadi yakavunjika mkononi. Ukifinya konzi yake ikiwa na unyevu inashikana, na ukiigusa kwa kidole inaachana. Vyombo ni chupa za plastiki za lita 1.5 zilizokatwa nusu na kutobolewa chini, kwa kuwa mizizi na viazi vya maua haya hujivuta kwenda chini na trei fupi ingevizuia.

Tumefanya pia jaribio la moshi. Mwaka 2004 wanakemia wa Australia walitambua katika moshi wa mimea kemikali inayoamsha mbegu, ambayo jamii yake sasa huitwa karikini, na kwa kuwa miombo huungua karibu kila mwaka niliona ni vyema tuangalie. Tulichoma nyasi kavu katika pipa, tukapitisha moshi kwa bomba hadi ndani ya ndoo ya maji kwa saa moja, maji yakawa na rangi ya chai nyepesi. Yatapunguzwa makali, sehemu 1 kwa 10, na nusu ya mbegu za kila aina zitalowekwa humo.

Novemba na Desemba 2022

Mvua ya kwanza ya kweli ilinyesha usiku, na asubuhi yake tulipanda.

Mbegu za marejea zina ganda gumu lisilopitisha maji. Tuliziweka katika kikombe, tukazimwagia maji yaliyotoka kuchemka na kuachwa yapoe kwa dakika chache, tukaziacha humo usiku kucha. Asubuhi zile zilizovimba zilikuwa zimeongezeka maradufu na kuzama. Zilizobaki ndogo na ngumu tulizikwaruza moja moja kwa msasa, upande ulio mbali na kovu la mbegu ambapo kiini hakipo, na kuzirudisha majini. Siku ya tano zilikuwa zimeota, siku ya kumi zilikuwa na majani ya kweli. Mpwa wangu alifurahi kupita kiasi, na sikumzuia, kwa kuwa nilijua furaha nyingine itachelewa.

Gladiola tulizilaza juu ya udongo na kuzifunika kwa mchanga mwembamba usiozidi nusu sentimita. Siku ya ishirini na mbili lilitokeza jani la kwanza, jembamba, lililosimama wima kama sindano ya kijani, na ndani ya wiki mbili tulikuwa na miche 67 kutokana na mbegu 90. Hapa pana hatari moja ambayo naiandika kwa msisitizo: mwaka wake wa kwanza gladiola ina jani moja au mawili tu, na jani hilo haliwezi kutofautishwa na nyasi kwa mtu anayepalilia haraka. Kila chombo kimewekewa kijiti kilichopakwa rangi nyeupe, na sheria ni kwamba hakuna anayeng'oa jani lolote ndani ya chombo chenye kijiti bila kuniita.

Gloriosa zilianza kutokeza Desemba 9, zikiwa zimekaa miezi minane tangu tulipozichuma. Nilikuwepo. Udongo ulikuwa umeinuka kidogo usiku, ukiwa na ufa mfano wa nywele, na ndani ya ufa huo ncha ya kijani iliyopauka ilikuwa imejikunja kama kidole cha mtu anayeita. Kufikia jioni ilikuwa imenyooka. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimepanga, na kazi nyingine zikangoja. Hadi mwisho wa mwezi zimefika 48.

Kuhusu moshi: katika gladiola na gloriosa sikuona tofauti ya kuaminika kati ya mbegu zilizolowekwa na zisizolowekwa, na katika marejea maji ya moto yalifanya kazi yote. Nitaacha moshi kwa aina hizi tatu.

Januari 2023

Kinyausi kimeingia. Miche ya disoti, yenye maua ya zambarau ambayo wengi wameyaona kando ya mabonde yenye unyevu, ilikuwa imefunika trei kama ukungu wa kijani. Mbegu zake ni vumbi, tulizinyunyiza juu bila kuzifunika kwa kuwa zinahitaji mwanga, tukaimwagilia trei kwa kuiweka ndani ya beseni la maji ili unyevu upande kutoka chini. Hayo yote yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kioo tulichofunikia, ambacho hatukukiinua kwa siku tano za mvua mfululizo. Mashina yalilegea usawa wa udongo na miche ikalala duara kwa duara, kama nyasi zilizokaliwa na mtu. Tuliondoa kioo, tukapunguza maji, tukatenga kona moja iliyokuwa salama. Imebaki miche 19.

Hapa niongeze habari ya ua la shaba, kwa sababu kila mtu wa Lubumbashi akisikia tunaotesha maua ya pori huuliza juu yake. Haumaniastrum katangense ni mmea wa jamii ya minti, wa msimu mmoja, unaoota juu ya udongo wenye shaba na kobalti ambao mimea mingi haiuwezi. Umewasaidia hata wanaakiolojia kugundua mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba ya kutengenezea ile misalaba yao maarufu, kwa kuwa taka za tanuru zilibaki ardhini na ua likazifuata. Tulipanda mbegu chache katika mchanganyiko wetu, zikaota, na ukungu ukazimaliza kabla hazijafika sentimita 3. Watafiti wamegundua kwamba shaba yenyewe ndiyo huukinga mmea huu na magonjwa ya ukungu, na kwamba ukipewa dawa ya ukungu unaweza kukua hata katika udongo wa kawaida. Sitaki kupulizia dawa, wala sitaki kuleta udongo wa mgodini chini ya mitondo. Makao yake ni vilima vya shaba, na huko ndiko anayeupenda anapaswa kuutetea. Tumeuacha.

Aprili 2023

Marejea zimechanua manjano tangu Machi, na sasa maganda yamekauka. Ukitikisa tawi, mbegu hugonga ndani kama kayamba. Viwavi wenye madoa walitoboa sehemu ya maganda, lakini hatukuwaua. Marejea hutia naitrojeni ardhini kwa vinundu vya mizizi yake, na palipoungua tanuru ndipo tulipozipanda nyingi zaidi.

Julai 2023

Naandika hili siku tatu baada ya tukio, kwa kuwa siku ya kwanza sikuweza.

Majani ya gloriosa na gladiola yalianza kuwa manjano mwishoni mwa Aprili, na kufikia Juni vyombo vyote vilikuwa na udongo mkavu tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mmea umerudi chini, katika kiazi, na kwa kiangazi chote haupaswi kupewa maji, kwa sababu udongo baridi wenye unyevu huozesha kiazi kilicholala. Nilimweleza mpwa wangu jambo hili. Sikumweleza kijana aliyekuja kutusaidia kusafisha kitalu nilipokuwa safarini Likasi. Yeye aliona vyombo vilivyojaa udongo mkavu usio na kitu, akavihesabu kuwa vimekufa, na kwa uaminifu wote wa kazi akavimwaga kandokando ya uzio, akaviosha, akavipanga vizuri. Vyombo 31 vya gloriosa na 20 vya gladiola.

Nilipochakura lile rundo nilipata viazi tisa. Kiazi cha gloriosa cha mwaka mmoja ni kidogo kuliko punje ya maharagwe, cheupe, na kina umbo la herufi V, ncha moja ikiwa na jicho la kuchipua. Jicho likivunjika kiazi hakina tena faida. Kati ya tisa, sita vilikuwa vizima. Tunguu la gladiola lina ukubwa wa njegere na limevaa koti la nyuzi za kahawia, kwa hiyo kulitambua ndani ya udongo wa rangi hiyo hiyo ni kazi ya macho ya kijana. Mpwa wangu alipata 11. Kisha nikaamua tuache. Kila tulipochakura tungeweza kuvunja majicho mengine tusiyoyaona, na rundo lenyewe lilikuwa kavu, chini ya kivuli cha uzio, mahali pasipokanyagwa. Tulilifunika kwa majani makavu na kulizungushia mawe.

Yule kijana alipoelewa alitaka kurudisha malipo yake. Nilikataa. Ilikuwa juu yangu kuandika kwenye kila chombo maneno mawili, «kimelala, kisimwagwe», na tangu wiki hii yameandikwa.

Novemba 2023

Mvua zilipoanza nilikagua lile rundo kabla ya kukagua kitalu. Gladiola zilitangulia, majani sita yaliyotoka ubavuni mwa rundo kwa pembe zote kwa sababu matunguu yalikuwa yamelala kichwa chini na kando. Kila moja lilikuwa limejipinda kutafuta juu. Gloriosa zilifuata baada ya wiki tatu. Kwa jumla rundo limetoa gladiola 8 na gloriosa 14, na ukiongeza zile tulizookoa na zile ambazo hazikumwagwa, tuna gloriosa 36 zilizoingia mwaka wa pili. Safari hii majani ya gloriosa yana ile ncha ndefu inayojiviringa kama uzi na kushika chochote ilichokigusa, hata shina la jirani. Tumezipa vijiti vya mianzi.

Machi 2024

Mama mmoja anayeuza sokoni chikanda, chakula cha viazi vya porini, alikuja kuona kitalu, akauliza kwa nini hatuoteshi mimea ya chikanda, wakati sasa anavifuata viazi vyake mbali kuliko zamani. Swali lake ni zito, na nilimjibu kadiri ninavyojua. Chikanda hutokana na viazi vya okidi za ardhini, na mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba yoyote ya chakula. Haiwezi kuota porini mpaka ikutane na kuvu fulani atakayeilisha tangu siku ya kwanza. Katika chombo chetu cha mchanga ingekufa kwa njaa. Kuna maabara zinazootesha okidi ndani ya chupa zilizosafishwa vijidudu vyote, kwa sukari na chumvi maalumu, na hilo ni jambo la chuo kikuu zaidi kuliko la kitalu cha nyuma ya nyumba. Aliniambia kwamba mama yake mzazi alikuwa akikata kiazi kipya na kukirudisha kile cha zamani ardhini, na kwamba wachimbaji wa siku hizi hawana subira hiyo. Nimeliandika hapa kwa kuwa ni maarifa ambayo sikuyakuta popote.

Msimu huu hakuna jingine kubwa. Disoti 12 zimepandwa bondeni mwa kiwanja, ambapo maji husimama kidogo.

Februari 2025

Gladiola ya kwanza imechanua.

Tuliona ala ya kijani ikivimba katikati ya majani tangu Januari, katika chombo namba 14, na Februari 6 ua la chini lilifunguka: rangi ya chungwa iliyochanganyika na manjano kooni, na petali ya juu imeinama mbele kama kofia juu ya poleni. Juu yake shinani kulikuwa na machipukizi mengine manane ya maua yaliyopangwa, makubwa yakiwa chini. Kati ya gladiola zilizofika msimu wa tatu, tano zimechanua mwaka huu, na mbili kati ya hizo zilitoka katika rundo. Siku ya tatu ndege chozi alikuja, akajishika kwenye shina lenyewe, likainama kwa uzito wake mdogo, akaingiza mdomo hadi kina cha ua. Alipotoka paji lake lilikuwa na vumbi la njano, akaruka moja kwa moja hadi kwenye chombo namba 22. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandaa brashi ya kuchavushia kwa mkono. Nimeirudisha ndani.

Mama mwenye ardhi aliletewa kiti, akakaa mbele ya chombo kwa muda. Alisema ua hilo alilijua utotoni kwa wingi, na kwamba walikuwa wakikatazwa kulichuma likiwa bado na machipukizi. Gloriosa bado hazijachanua, na kwa mmea ulioanzia kwenye mbegu miaka mitatu hadi minne ni ya kawaida.

Mei 2025

Tumechuma matunda tisa ya gladiola yaliyoiva katika vyombo vyetu wenyewe. Mbegu zimepepetwa, zimekaushwa, na bahasha imeandikwa mwezi, mahali na namba ya chombo cha mama. Kwa hizi hatukuhitaji kufuata asilimia 20.

Mwezi ujao, majani yatakapokuwa yamekauka kabisa na kabla majirani hawajaanza kuchoma nyasi, matunguu 40 ya gladiola yatahamishiwa chini ya mitondo. Mashimo tumeyapima: kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 25, upande wa mashariki wa kila mti ambako jua la asubuhi hufika na la mchana halifiki, na si ndani ya mita 3 kutoka kichuguu. Tumeomba vijana wa jirani watusaidie kufyeka mkanda wa mita 4 kuzunguka kiwanja, kwa kuwa matunguu yaliyo chini ya ardhi huvumilia moto mwepesi wa mwanzo wa kiangazi, lakini machipukizi ya visiki hayatauvumilia ule wa Septemba. Gloriosa 33 zitabaki katika vyombo vyao kwa msimu mmoja zaidi, kavu, chini ya paa, na maneno yale mawili yamepakwa rangi upya.